Wanawake Watunzi wa Hadithi na Saa Zao za Kuandika: Historia Fupi kwa Mwalimu na Mtahiniwa

Utangulizi

Mtaa wa Mbotela uko kando ya Barabara ya Jogoo, Eastlands, jijini Nairobi. Ulijengwa katika miaka ya 1950, enzi za Hali ya Hatari, ukapewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa jijini humo Novemba 1952. Mitaa ya Ofafa iliyo jirani nayo ilipewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka wa 1953. Jina Mbotela lina nafasi yake pia katika historia ya fasihi yetu. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934. Wahakiki wamekikosoa kitabu hicho kwa jinsi kinavyowatukuza Waingereza, lakini hawakatai kwamba ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika. Mtunzi wake alikuwa mzawa wa watumwa waliokombolewa, na aliyoyaandika aliyapokea kwa masimulizi ya wazee.

Nyumba nyingi za mitaa hii zilijengwa kwa kipimo cha chumba kimoja. Pazia ndilo linalotenga kitanda cha wazazi na mahali pa watoto. Mwanafunzi wa kike anayeishi humo huanza insha yake baada ya vyombo kuoshwa, wadogo zake kulala na redio ya jirani kunyamaza. Anaposoma jalada la nyuma la riwaya teule na kukuta kwamba aliyeitunga ni mwanamke, hujiuliza maswali mawili ambayo vitabu vya mwongozo haviyajibu: Mama huyu aliandika saa ngapi? Na hadithi hii aliitoa wapi?

Sisi walimu tumezoea kujibu kwa neno moja, kipawa. Jibu hilo ni rahisi, tena linamfungia mwanafunzi mlango, kwa kuwa asiyejiona na kipawa huweka kalamu chini. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba historia ya wanawake Waafrika wanaotunga hadithi ina jibu jingine. Wengi wao walikuwa na kazi ya mshahara na watoto wa kulea. Hadithi zao zilitokana na masimulizi ya wakongwe, na kazi waliyoifanya mchana na misiba ya umma waliyoishuhudia. Kazi ya utunzi ilipata saa zilizobaki.

Chemchemi ya kwanza: masimulizi ya nyanya

Si jambo geni kwa mwanamke wa pwani au wa bara kutunga. Mwana Kupona wa Pate, takriban mwaka wa 1858, alitunga utenzi wa kumwusia binti yake naye akiwa mgonjwa. Kwa hiyo, tangu zamani mwanamke ametunga akiwa na msikilizaji mahususi mbele yake. Katika bunilizi za karne ya 20 desturi hii inabadilika kidogo: mwandishi wa sasa ndiye aliyekuwa msikilizaji wa jana.

Mfano ulio bayana ni Grace Ogot (1930–2015). Alizaliwa Nyanza ya Kati. Babake, mwalimu aliyepata elimu ya misheni, alimsomea visa vya Agano la Kale, na nyanya yake akamsimulia ngano za Waluo. Mito hiyo miwili inakutana katika hadithi yake ya Oganda, binti wa chifu anayetakiwa kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1963 katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, kisha ikaingia katika mkusanyiko wake Land Without Thunder (1968). Ogot alipata kueleza kwamba alipoipeleka miswada yake ya mwanzo kwa mchapishaji, meneja alishangaa jinsi mwanamke Mkristo angeweza kuandika habari za kafara na waganga badala ya habari za wokovu. Tukio hili linamfunza mtahiniwa kwamba chemchemi ya mwandishi hukubaliwa au hukataliwa na wenye matbaa, na kwamba kushikilia chemchemi hiyo ni uamuzi.

Ikumbukwe pia kwamba Ogot hakuinakili ngano ilivyo. Ngano ya kawaida humtaja binti wa kafara kwa tendo lake tu: alichaguliwa, akaenda. Mwandishi anampa Oganda hofu, mchumba, na safari ndefu ya upweke kuelekea ziwani. Hapo ndipo fasihi simulizi inapogeuka fasihi andishi, na mwalimu anayetafuta mfano wa uhusiano wa tanzu hizi mbili hatapata ulio wazi zaidi.

Margaret Ogola (1958–2011) alipita njia hiyohiyo. Riwaya yake The River and the Source (1994) inafuata vizazi vinne vya wanawake kuanzia kwa Akoko, na msingi wake ni masimulizi ya mamake kuhusu wanawake waliomtangulia katika ukoo. Mwaka wa 1995 ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta pamoja na Tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Muundo wa riwaya hii ni muundo wa nasaba: mama anamzaa binti, binti anakuwa mama. Aliyezoea kusikiliza masimulizi ya ukoo hataona ajabu kwamba mhusika mkuu wa mwanzo anafariki kabla kitabu hakijafika mwisho. Katika masimulizi ya ukoo, mtu mmoja si mwisho wa kisa.

Katika Kiswahili, Assumpta K. Matei aliandika Fani ya Fasihi Simulizi (2011) kabla ya riwaya yake Chozi la Heri (2014). Msomaji wa riwaya hiyo atakuta nyimbo, methali na visa ndani ya visa. Mtahiniwa huziita mbinu za uandishi, naye hakosei. Hata hivyo, jibu lake hupata uzito zaidi akitambua kwamba mwandishi alikuwa amezitafiti na kuzifundisha tanzu hizo kabla hajazitumia.

Chemchemi ya pili: kazi ya mchana

Ogot alikuwa muuguzi na mkunga aliyepata mafunzo Uganda na Uingereza. Baadaye alifanya kazi BBC, London, akiandika na kutangaza vipindi vya Afrika Mashariki. Katika Land Without Thunder kuna hadithi ya wauguzi wa Kiafrika katika hospitali ya misheni wanaogoma kwa sababu hawataki kubeba vyombo vya haja za wagonjwa, kazi inayopingana na mila zao. Hadithi kama hii ilihitaji mtu aliyewahi kuvaa sare na kuamriwa. Mkusanyiko huohuo una kisa cha Elizabeth, karani wa Nairobi anayedhulumiwa na mwajiri wake. Ofisi, mashine ya chapa na mlango unaofungwa na bosi ni mandhari ambayo ngano za nyanya hazikuyajua.

Ogola alikuwa daktari wa watoto, na kwa muda aliongoza huduma za tiba katika makao ya Cottolengo, Nairobi, yanayowatunza watoto mayatima wenye virusi vya UKIMWI. Riwaya yake ya pili, I Swear by Apollo (2002), imechukua anwani yake kutoka kiapo cha madaktari. Rebeka Njau, mwandishi wa Ripples in the Pool (1975), alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa Shule ya Wasichana ya Nairobi. Muthoni Likimani alikuwa mtangazaji wa redio. Nje ya Afrika Mashariki, Mariama Bâ wa Senegali alikuwa mwalimu na mama wa watoto tisa. Riwaya yake, ambayo Waswahili tunaisoma kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, ilitoka mwaka wa 1979, naye akiwa na umri wa miaka 50.

Clara Momanyi naye ni msomi wa chuo kikuu. Alitafiti taswira ya mwanamke katika ushairi wa Kiswahili kabla ya kutunga riwaya ya Nguu za Jadi (2021), iliyoteuliwa kutahiniwa katika KCSE. Mtu aliyetumia miaka akichunguza jinsi watunzi wengine walivyomchora mwanamke, anapomchora Mangwasha anajua anabishana na nani. Kwa hivyo, mtahiniwa anayeulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika riwaya hiyo asiishie kuorodhesha sifa za Mangwasha. Aonyeshe pia ni taswira zipi za zamani ambazo mhusika huyu anazikataa.

Chemchemi ya tatu: msiba wa umma

Mitaa ya Eastlands ina kumbukumbu ambazo hazikuandikwa sana na wanawake, lakini zilizoandikwa zina thamani kubwa. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako mkubwa ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya wakazi wa Nairobi walikusanywa na kuchujwa, wengi wakapelekwa kizuizini. Muthoni Likimani alilichukua jambo hili katika Passbook Number F.47927 (1985). Anwani yenyewe ni nambari ya kitambulisho cha kusafiria na kuishi mjini. Mwandishi anasimulia visa vilivyobuniwa juu ya matukio halisi: mwanamke anayeitafuta karatasi inayomruhusu kuwa mahali alipo, na mwanamke anayechimba mtaro chini ya ulinzi wa askari. Wanahistoria wa wakati huo waliandika zaidi kuhusu wapiganaji na viongozi. Likimani aliandika kuhusu foleni na jembe. Msichana wa Mbotela anayeisoma kazi hiyo anaisoma historia ya ardhi aliyoikanyaga asubuhi akienda shuleni.

Msiba wa pili mkubwa ni machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Chozi la Heri inamwonyesha Ridhaa, daktari aliyepoteza nyumba na jamaa kwa moto. Riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, Dust, inaanza na kijana anayepigwa risasi katika mitaa ya Nairobi mwezi huohuo. Wanjiru Koinange naye aliandika The Havoc of Choice (2019) kuhusu uchaguzi huo. Wanawake watatu waliandika juu ya tukio moja kwa namna tatu tofauti. Matei alibuni nchi isiyo na jina la Kenya na kuyapeleka matatizo kwenye uponyaji wa familia. Owuor alirudi nyuma hadi mauaji ya kisiasa ya miaka iliyopita. Koinange aliingia nyumbani mwa mwanasiasa. Tofauti hizi ni onyo kwa wanaodhani kwamba tukio hujiandika lenyewe. Tukio ni udongo tu, na kila mfinyanzi ana chungu chake.

Saa za kuandika

Sasa turudi kwenye swali la saa. Hapa ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa wanawake Weusi waliozungumza hadharani kuhusu desturi zao.

Toni Morrison (1931–2019), aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993, alikuwa mhariri katika kampuni ya Random House na mama aliyewalea wana wawili peke yake. Aliandika kabla ya mapambazuko, kabla watoto hawajaamka, na alieleza kwamba desturi hiyo ilianza kwa kulazimika kabla ya kuwa mazoea. Octavia Butler (1947–2006), mtunzi wa Kindred (1979), alifanya kazi za vibarua, akaamka usiku wa manane saa nane ili aandike kabla ya kwenda kazini. Buchi Emecheta (1944–2017), Mnigeria aliyeishi London, aliandika alfajiri huku akiwalea watoto watano. Mumewe aliuchoma moto mswada wake wa The Bride Price. Emecheta aliuandika upya, ukachapishwa mwaka wa 1976.

Desturi ya pili ni ya kuandika katika kundi. Nchini Uganda, wanawake waandishi walianzisha FEMRITE katikati ya miaka ya 1990. Kila Jumatatu watu walikutana kusoma kazi zao kwa sauti na kukosoana. Katika jumuiya hiyo walikulia waandishi kama Goretti Kyomuhendo na Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2007. Jumatatu ya Kampala ina faida moja ambayo alfajiri ya London haina: mtu akijua wenzake watamngoja na ukurasa mmoja, ataupata muda wa kuuandika.

Tahadhari: shida si sifa

Kuna hatari katika haya tuliyoyaeleza. Mwalimu anaweza kumwambia msichana, "Wenzako waliandika gizani, nawe vumilia." Hilo ni funzo potofu. Mgala muue na haki yake mpe: wanawake hawa walishinda, lakini shida iliwala pia.

Tutazame miaka. Rebeka Njau alitoa riwaya ya Ripples in the Pool mwaka wa 1975. Riwaya iliyofuata, The Sacred Seed, ilitoka mwaka wa 2003, miaka 28 baadaye. Katika Kiswahili, Zainab W. Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka wa 1981, Mwisho wa Kosa mwaka wa 1987 na Kipimo cha Mizani mwaka wa 2004. Kati ya kazi ya pili na ya tatu kuna miaka 17. Hatudai kwamba tunajua sababu zote za kimya cha namna hiyo. Ni bayana hata hivyo kwamba mwandishi anayeandika katika saa zilizobaki, katika soko linalonunua vitabu vya kiada kuliko riwaya, hutoa kazi chache kuliko ambazo angeweza kutoa. Tunaowataja ni wale waliofika. Wapo waliochomewa mswada wasiandike tena, na majina yao hayamo katika mwongozo wowote.

Ndiyo maana mahali pa kuandikia ni suala la fasihi pia. Maktaba ya McMillan, katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Matawi yake mawili yako Eastlands, moja Kaloleni na jingine Makadara. Mwaka wa 2017 Wanjiru Koinange, tuliyemtaja hapo juu, pamoja na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, ambalo kwa makubaliano na serikali ya kaunti lilishughulikia ukarabati wa maktaba hizo tatu. Mwandishi wa riwaya aliona kwamba, pamoja na kuandika, kuna haja ya kutengeneza paa na viti ili mwingine naye aandike. Kwa mwanafunzi wa Mbotela, kiti hicho kina maana kuliko hotuba nyingi za kumtia moyo.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwanza, mtahiniwa asichanganye mwandishi na mhusika. Kujua kwamba Ogola alikuwa daktari hakumaanishi kwamba daktari wa riwayani ni Ogola. Usuli wa mwandishi hueleza alikopata malighafi, na maana ya kazi ithibitishwe kwa mifano kutoka matini yenyewe. Katika karatasi ya 102/3, jibu lililojaa maisha ya mwandishi bila hoja za kitabu halipati alama.

Pili, mwalimu aufundishe usuli kwa maswali matatu: mwandishi alisikia nini, alifanya kazi gani, na umma wake ulipatwa na nini? Maswali haya yatamsaidia mwanafunzi kuliko aya ya kukariri kuhusu mwaka na mahali pa kuzaliwa.

Tatu, chama cha Kiswahili shuleni kitenge saa moja kwa wiki, siku ileile, ambapo kila mwanachama anasoma ukurasa mmoja alioandika. Kazi ya kwanza iwe kisa alichosimuliwa na mkongwe wa nyumbani kwao. Wazee wengi wa Eastlands walifika mjini kutoka mashambani, wakaishi katika mitaa hii zama ambazo vitabu havijazieleza vya kutosha. Wakifariki, maktaba hiyo nayo imefungwa.

Nne, na hili ni la walimu tu, tusimpe msichana kazi ya ziada ya kufagia darasa na kuteka maji wakati mvulana anasoma, kisha tukamuuliza kwa nini insha yake ni fupi.

Hitimisho

Haba na haba hujaza kibaba. Akoko, Oganda na Mangwasha waliandikwa na wanawake waliokuwa na zamu hospitalini, vipindi redioni na madaftari ya kusahihisha. Mwanafunzi wa Mbotela akiuliza tena mama huyo aliandika saa ngapi, tumwambie ukweli: aliandika saa aliyoipata. Kisha tumwulize yeye anayo saa gani, na tuone kama shule yaweza kumwongezea nyingine.

Maswali ya kujadili

1. "Fasihi simulizi ni mama wa fasihi andishi." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya moja uliyoisoma iliyoandikwa na mwanamke. (alama 20)

2. Eleza jinsi tukio la kihistoria linavyoweza kutumiwa kwa namna tofauti na waandishi wawili. (alama 10)

3. Fafanua tofauti kati ya usuli wa mwandishi na maudhui ya kazi yake. (alama 6)

4. Msikilize mkongwe mmoja wa mtaani kwenu, kisha ukiandike kisa chake upya kwa nafsi ya kwanza katika maneno 400. Eleza ni mambo gani uliyoyaongeza, na kwa nini. (alama 20)